Tutenganishe kasi na mshtuko katika kunyanyua vyuma

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nijibu makala mliyoitoa wiki mbili zilizopita katika ukurasa wa afya, ile iliyowaonya wasomaji wasinyanyue vyuma kwa nguvu ya ghafla. Mwandishi alisema anayenyanyua haraka anajitafutia kukatika misuli, akashauri kila mtu, mgeni na mzoefu, ahesabu hadi kumi chuma kikipanda na hadi kumi kikishuka. Barua yangu ni ndefu, na ninaomba radhi mapema. Jambo hili linahusu migongo na mabega ya watu, na mkono wangu wa kulia una kovu la upasuaji lililonifundisha ninachotaka kukisema.

Mimi ni mwanamume wa miaka 54. Nimenyanyua vyuma kwa miaka 29, na kwa miaka 16 kati ya hiyo nimefundisha pia. Mchezo wangu ni pawalifti, ule wa minyanyuo mitatu: skwati, yaani kuchuchumaa na kuinuka na chuma mabegani, benchi, yaani kulala chali na kusukuma chuma kutoka kifuani, na dedilifti, kuinua chuma kutoka sakafuni hadi usimame wima. Mashindanoni kila mmoja hupewa majaribio matatu kwa kila mnyanyuo, na uzito bora wa kila mnyanyuo hujumlishwa. Nautaja kwa jina kwa sababu makala iliuchanganya na mchezo wa Olimpiki wa kunyakua chuma hadi juu ya kichwa. Ni michezo miwili tofauti, na tofauti hiyo nitairudia.

Makala yenyewe sikuisoma siku iliyotoka. Nililetewa. Baba wa binti mmoja ninayemfundisha, binti wa miaka 17, alifika jimu jioni na ukurasa wa gazeti umekunjwa mara nne ndani ya mfuko wa shati. Hakunikatiza. Alikaa kwenye benchi la pembeni hadi mazoezi yakaisha, akaufungua ukurasa, akaunyoosha juu ya goti, akasema, "Mwalimu, hapa wameandika kwamba unavyomfundisha mwanangu ndivyo watu wanavyokatika." Sentensi tatu alikuwa amezipigia mstari kwa kalamu. Hakuwa na hasira. Alikuwa na hofu ya mzazi, na hofu ya namna hiyo siichukulii kwa wepesi. Niliisoma palepale nimesimama, kisha nikamwomba anipe hadi kesho yake, maana makala ilikuwa na ukweli mwingi na kosa moja, na kosa lile nilitaka kulitenga vizuri kabla sijafungua mdomo.

Kosa ni kwamba mwandishi ameviita vitu viwili kwa jina moja. Kuna kasi na kuna mshtuko. Kasi ni mwendo wa chuma kinapopanda huku mwili ukiwa umekishika tayari, umekazwa kuanzia kwenye viganja hadi nyayo. Mshtuko ni nguvu inayoufikia mwili ghafla pale kitu kilicholegea kinapokazwa kwa kishindo, au kitu kinachoanguka kinaposimamishwa ndani ya umbali mdogo mno. Mtu anaweza kuwa na kasi kubwa bila mshtuko wowote. Anaweza pia kupata mshtuko wa kumvunja wakati chuma chenyewe hakijasogea hata sentimita moja. Hilo la mwisho lilinipata mimi.

Ilikuwa miaka 9 iliyopita. Tulikuwa tunajiandaa kwa mashindano, na siku hiyo niliweka kilo 210 kwenye dedilifti, uzito niliokuwa nimeshauinua mara nyingi. Rekodi yangu ilikuwa kilo 232.5. Nilishika chuma kwa mshiko wa kupishana, kiganja cha kushoto kikinitazama mimi na cha kulia kikitazama mbele, kama wafanyavyo wengi ili chuma kisibiringike mikononi. Nilikuwa na haraka. Aliyenitangulia alikuwa amechelewa kutoa pleti zake, zile sahani za uzito zinazovishwa kwenye ncha za chuma, na mwili wangu ulianza kupoa. Nikainama, nikashika, nikavuta kwa ghafla, mikono ikiwa imelegea na kiwiko cha kulia kimejikunja kidogo tu, pengine vidole viwili kutoka kunyooka. Nilisikia sauti kama ya shuka linalochanwa. Chuma kikabaki sakafuni. Niliposimama, msuli wa mbele wa mkono wa kulia ulikuwa umepanda kuelekea begani kama pazia lililokunjwa. Kano linaloufunga msuli huo kwenye mfupa wa kigasha lilikuwa limeng'oka.

Nilipasuliwa baada ya siku 8, kano likarudishwa kwenye mfupa. Miezi ya kwanza sikuweza kuzungusha bisibisi wala ufunguo mgumu mlangoni, kwa kuwa msuli ule, mbali na kukunja kiwiko, ndio unaogeuza kiganja kitazame juu. Ilinichukua mwaka mzima kushika tena chuma kizito kwa moyo mkunjufu.

Sasa naomba msomaji anifuate hapa, maana ndipo penye jibu langu lote. Mwenzangu alikuwa amenirekodi kwa simu. Nilikuwa nimelazwa na mkono umefungwa nilipoitazama video ile mara ya kwanza, na nimeitazama mara nyingi tangu hapo. Inaonekana hivi: nyonga zangu zinapanda kwa haraka, mabega yanarudi nyuma, na kwa sehemu ndogo ya sekunde chuma kimelala tu, hakina habari. Halafu pleti zinagonga, "klang", kwa sababu chuma kina nafasi ndogo ndani ya tundu la pleti na nafasi hiyo ilizibwa kwa kishindo. Sauti ya pleti na ya mkono wangu zilikuja pamoja. Kasi yote ilikuwa mwilini mwangu, mzigo ukiwa bado sakafuni. Mwili uliokuwa unakwenda ulisimamishwa na kilo 210 ambazo hazikuwa zimeanza safari, na kiungo cha kwanza kupokea ujumbe huo kilikuwa kano la mkono uliogeuzwa na kukunjwa. Madaktari wa mifupa na wanyanyuaji wanaufahamu sana mkono huo: kano hilo linapokatika kwenye dedilifti, mara nyingi ni la mkono ambao kiganja chake kinatazama mbele.

Kwa hiyo mwandishi wenu angeniona siku ile, angesema, "Huyu amenyanyua kwa kasi." Mimi sikunyanyua chochote.

Hesabu yake si ngumu, na nilimwandikia baba wa binti nyuma ya ule ukurasa wa gazeti. Chukua chuma cha kilo 100 kwenye benchi. Kikishuka kuelekea kifuani kwa kasi ya mita 1 kwa sekunde, nawe ukakisimamisha ndani ya sentimita 2, yaani kukidundisha kifuani, nguvu inayokupata wakati huo inalingana na kushikilia kilo 350 hivi. Kasi hiyo hiyo ukiimaliza taratibu ndani ya sentimita 10, mzigo unakuwa kama kilo 150. Ukishusha kwa nusu ya kasi hiyo na kusimamisha ndani ya sentimita 10, ni kama kilo 113. Chuma ni kile kile, mtu ni yule yule. Kilichobadilika ni namna ya kupokea. Sasa geuza safari. Chuma hicho kikiwa kimetulia kifuani, mwili umekazwa, ukikisukuma kwa bidii hadi kifikie mita 0.5 kwa sekunde ndani ya sentimita 10 za kwanza, unakuwa umebeba zile zile kilo 113 za wastani. Hicho ndicho kinachoitwa kunyanyua kwa nguvu ya mlipuko kwenye pawalifti. Kinaongeza mzigo kwa sehemu ndogo, na kinauongeza mahali ambapo misuli imeshajiandaa.

Baba yule alizitazama tarakimu kwa muda mrefu. Akaweka kidole kwenye ile 350, akauliza, "Hii ndiyo anayoifanya?" Nikamjibu kwamba hiyo ndiyo ninayomkataza kila siku.

Hata sheria za mchezo wetu zinaikataza. Kwenye benchi, chuma lazima kitulie kifuani hadi mwamuzi atoe amri ya kusukuma. Anayekidundisha hupoteza jaribio lake. Kwenye skwati, kudunda mara mbili chini kabisa kunahesabiwa kosa. Kidole gumba lazima kizunguke chuma kwenye benchi, kwa sababu chuma kinachoteleza kutoka kwenye kiganja kilicho wazi huanguka shingoni au kifuani. Kwenye dedilifti, bahati mbaya, hakuna sheria inayomzuia mtu kukurupua chuma akiwa amelegea. Pale ulinzi wote umeachwa mikononi mwa mnyanyuaji na mwalimu wake, na mimi naona ndiyo maana mnyanyuo huo unawaumiza watu wengi waliofundishwa vibaya.

Ushauri wa kuhesabu hadi kumi hautoki hewani, na ninauheshimu unakotoka. Huko Marekani katika miaka ya 1970, Arthur Jones, mwanzilishi wa mashine za mazoezi za Nautilus, alihubiri kunyanyua bila kurusha. Miaka ya 1980 Ken Hutchins akautangaza mtindo wa kupandisha mzigo kwa sekunde 10, mtindo uliotokana na kazi yake na wanawake wazee wenye mifupa dhaifu. Kwa watu wale, kwenye mashine, kwa mizigo ile, ilikuwa busara. Lakini tazama kilichowalinda. Anayepandisha kwa sekunde 10 hawezi kutumia uzito mkubwa. Analazimika kupunguza sana. Wepesi wa mzigo ndio uliowalinda kwa sehemu kubwa, na sifa ikaenda kwa saa.

Ushauri huo ukiuhamishia kwenye chuma kizito, unageuka kuwa hatari yenyewe, na hapa ndipo mwandishi alinitia wasiwasi wa kweli. Chuma kilicho karibu na mwisho wa uwezo wa mtu kinapanda polepole hata akisukuma kwa roho yake yote. Skwati ya mwisho wa uwezo hupanda kwa takriban mita 0.3 kwa sekunde, na benchi huwa chini ya hapo. Kila mnyanyuo una mahali pake pagumu: kwenye benchi ni sentimita chache juu ya kifua, kwenye skwati ni juu kidogo ya kule chini kabisa. Anayefika mahali hapo na mwendo anapita. Anayefika akiwa amejizuia kwa makusudi, akihesabu "nne, tano", anakwama na chuma juu ya kifua chake. Na watu wengi wanaofanya mazoezi peke yao hawana msaidizi nyuma ya kichwa wala vyuma vya kinga pembeni. Naomba msomaji yeyote aliyeanza kuhesabu hadi kumi kwenye benchi baada ya makala ile aache leo, au angalau apunguze uzito hadi ule anaoweza kuurudisha kwenye stendi bila msaada wa mtu.

Faida ya kusukuma haraka ipo, na haikubuniwa na vijana wanaotafuta sifa. Mwanafiziolojia Elwood Henneman alionyesha kwamba mwili huamsha nyuzi za misuli kwa utaratibu, ndogo kwanza na kubwa mwishoni. Zile kubwa, zenye nguvu kuliko zote, huitwa mzigo ukiwa mzito sana, au misuli ikichoka sana, au mtu akikusudia kwenda haraka. Njia mbili za kwanza zinagharimu mwili. Njia ya tatu inamwezesha mnyanyuaji kuzizoeza nyuzi hizo kwa uzito wa nusu ya uwezo wake au zaidi kidogo. Fred Hatfield, aliyefanya skwati ya kilo 460 mwaka 1987 akiwa katikati ya miaka yake ya 40, aliwafundisha watu kuongeza mwendo wa chuma katika safari nzima ya kupanda. Louie Simmons, kule Columbus, Ohio, aliwapangia wanyanyuaji wake siku maalumu za kasi kwa uzito mwepesi, na akatumia minyororo inayoongeza mzigo kadiri chuma kinavyopanda. Minyororo ile ilikuwa na kazi ya maana: chuma chepesi kikisukumwa kwa nguvu zote, sehemu kubwa ya safari hutumika kukifungia breki ili kisikuvute mabega kule juu. Mzigo unaokua unapunguza haja ya breki hiyo.

Na kama kasi yenyewe ingekuwa muuaji, tungeiona kwenye mchezo wa Olimpiki, ambako chuma kinachonyakuliwa huvuka mita 1.5 kwa sekunde. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2017 yalikuta kwamba wanyanyuaji wa Olimpiki walipata majeraha kati ya 2.4 na 3.3 kwa kila saa 1,000 za mazoezi. Wa pawalifti, mchezo wa chuma kinachojikokota, walipata kati ya 1.0 na 4.4. Namba zinapishana. Pia hazifiki zile za michezo ya kugongana miili. Sisemi kwamba hatuumii. Mgongo na bega vinaumia katika michezo yote miwili, na kila jeraha nyuma yake kuna mtu anayeshindwa kumbeba mtoto wake. Nasema tu kwamba mwendo wa chuma pekee hauelezi nani anaumia.

Sasa niseme ninavyofundisha, ili baba yule na wengine wapate cha kukagua.

Mgeni haanzi na kasi. Miezi yake ya kwanza anajifunza kushusha, kutulia na kupanda kwa mwendo wa kawaida, maana kano hukomaa polepole kuliko misuli. Msuli unaweza kuwa na nguvu mpya ndani ya wiki chache huku kano lililoufunga kwenye mfupa bado likijijenga, na mwenye mwili hana namna ya kulisikia hilo. Hapa mimi na mwandishi wenu tumekubaliana kabisa, na angeishia hapo nisingeandika.

Baada ya hapo tunakwenda kwenye dedilifti, na somo la kwanza ni kutoa ulegevu. Mwanafunzi anashika chuma, ananyoosha viwiko kabisa, anajaza hewa tumboni na kukaza kiuno, kisha anavuta taratibu bila kukiinua, hadi tusikie pleti zinatoa sauti ndogo, "tik". Hiyo ni sauti ya chuma kugusa ukingo wa juu wa tundu la pleti. Mikono sasa ni kamba zilizokazwa, mgongo umeshika, na sehemu ya mzigo iko tayari mwilini. Hapo tu ndipo ninaposema, "Sukuma sakafu!" na hapo anaruhusiwa kutumia kila alichonacho. Nimefundisha watu kwa wiki nzima wakifanya hiyo "tik" peke yake, wanakaza na kulegeza, wanakaza na kulegeza, bila kuinua chochote. Wengine hulalamika. Mimi huwa natoa simu na kuwaonyesha video yangu. Baada ya hapo huendelea kimya.

Sikio ndilo mkaguzi bora hapa. Ukisikia "tik" halafu kimya halafu chuma kinaondoka, hapo pana kasi salama. Ukisikia "klang", simamisha, hata kama uzito ni mdogo. Mzazi asiyejua lolote kuhusu vyuma anaweza kukaa pembeni na kulitambua hilo ndani ya dakika tano.

Kwenye skwati na benchi somo ni la kushuka. Anayeshuka kama gunia, akitegemea kudunda, ninampunguzia uzito. Misuli ya kifua inapokatika kwenye benchi, mara nyingi hukatika chuma kikiwa chini au kinamalizia kushuka, wakati msuli umenyooshwa hadi mwisho na bado unatakiwa uzuie. Kwa hiyo tunashuka kwa utulivu, tunasimama kidogo, tunapanda kwa haraka. Siku ya kasi tunatumia asilimia 50 hadi 60 ya uwezo wa juu, marudio mawili au matatu tu kwa seti, mapumziko ya kama dakika moja. Chuma kikianza kupunguza mwendo tunaacha, hata kama mpango ulisema seti nane na tumefika ya tano. Kazi hii inafanywa mwanzoni mwa mazoezi, akili na mwili vikiwa vipya. Anayeniomba kuifanya mwishoni, akiwa hoi, namrudisha nyumbani.

Kuhusu kuzuia pumzi niseme kidogo. Kunaulinda mgongo, lakini kunapandisha shinikizo la damu juu mno kwa sekunde hizo chache, kwa hiyo mwenye shinikizo la damu au tatizo la moyo amwone daktari wake kabla ya kubeba chochote kizito, apende kasi au asipende.

Mimi mwenyewe tangu upasuaji sijarudia mshiko wa kupishana. Navuta viganja vyote viwili vikinitazama, kidole gumba kikiwa ndani ya vidole vingine. Unauma wiki za kwanza, ngozi ya gumba inalia, halafu inazoea.

Kuna mtu mmoja mwandishi wenu hakumtendea haki: mzee. Makala ilisema kasi imwepuke hasa mwenye umri mkubwa. Ninafundisha mama mmoja wa miaka 68 ambaye hajawahi kugusa chuma cha mashindano na hana mpango nacho. Tatizo lake lilikuwa kujikwaa. Ukweli ni kwamba uzee unapokuja, uwezo wa kutoa nguvu haraka hupungua mapema na kwa kiasi kikubwa kuliko nguvu yenyewe. Mtu anaweza kuwa na miguu yenye nguvu ya kutosha kupanda ngazi na bado akaanguka, kwa sababu mguu ulichelewa kufika mbele alipojikwaa. Nguvu ya kuhesabu hadi kumi haimsaidii hapo, anguko halimsubiri. Kwa hiyo mama yule hukaa kwenye kiti polepole, kwa kuhesabu hadi tatu, halafu husimama haraka kadiri awezavyo, mikono kifuani. Marudio matano, anapumzika, anarudia. Baadaye tukampa pleti ya kilo 5 aikumbatie. Mwezi wa nne wa mazoezi yake alikuja akanishika mkono kabla hata hajaweka begi chini: "Mwalimu, jana nimejikwaa kwenye kizingiti, nikajikuta nimesimama." Alirudia neno hilo, nimesimama, mara tatu. Siwezi kumwambia mama huyo kwamba gazeti limesema aache kuinuka haraka.

Ndugu Mhariri, sikuombi ufute makala ile. Iliwakumbusha watu kupasha mwili moto, iliwaambia wasishindane na majirani zao jimu, na iliwasema walimu wanaowapa wageni uzito mkubwa siku ya kwanza. Yote hayo niliyapigia mstari wangu mimi. Ninachokuomba ni kwamba mkirudi kwenye jambo hili, mwandishi aende ambako watu wanabeba chuma, akae karibu, asikilize kinavyoondoka sakafuni na atazame kinavyoshuka, kabla hajaandika neno "hatari". Na mkichapisha picha, basi iwe ya mtu aliyenyoosha viwiko. Ile mliyoiweka juu ya makala, ya kijana anayekivuta chuma na mikono imejikunja, ndiyo picha yangu ya miaka 9 iliyopita, na hakuna mstari hata mmoja chini yake uliosema kosa liko wapi.

Binti bado anakuja. Wiki iliyopita aliinua kilo 95 kwa dedilifti, mara mbili, chuma kikiondoka kwa haraka iliyomfanya mwenyewe atabasamu. Baba yake sasa huja naye siku za dedilifti, hukaa kwenye lile benchi la pembeni na gazeti lake mapajani, halisomi. Pleti za mtu yeyote zikigonga "klang", hata za mgeni asiyemjua, yeye ndiye wa kwanza kuinua mkono.

Wako,
Mwalimu wa pawalifti
(Jina limehifadhiwa)